Kufuta msimbo uliokufa bila kuangusha mfumo: ushauri kwa wanaoanza kazi ya programu

Mradi wa programu uliodumu miaka saba au minane na kupita katika mikono ya watu wengi haukosi msimbo uliokufa: funksheni ambazo hakuna anayeziita, kurasa zilizofungwa ilhali mafaili yake yangalipo, maktaba za nje zilizowekwa kwa ajili ya jaribio moja kisha zikasahauliwa. Ukijiunga na timu yenye mradi wa namna hiyo, huenda ukapewa kazi ya kuusafisha katika wiki zako za mwanzo, kwa kuwa viongozi wengi wa timu huiona kazi hiyo kuwa nyepesi. Mimi siioni hivyo. Anayeandika funksheni mpya anahitaji kulielewa jambo moja analolitaka, lakini anayefuta ya zamani anahitaji kuthibitisha kwamba hakuna mtu, seva wala programu yoyote, ndani au nje ya mradi, inayoitegemea.

Wapo wanaosema kwamba msimbo usioitwa hauli wala haunywi, basi na uachwe ulipo. Hao wafikirie kisa cha Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa dalali mkubwa wa hisa. Mwaka 2003 iliacha kutumia sehemu ya mfumo wake iliyoitwa Power Peg, lakini haikuifuta. Mwaka 2005 hesabu iliyokuwa ikiijulisha sehemu hiyo kwamba oda imetimia ilihamishiwa mahali pengine katika mfumo, na Power Peg haikujaribiwa upya baada ya mabadiliko hayo. Mwaka 2012 bendera iliyokuwa ikiiwasha, yaani swichi ndani ya msimbo, ilipewa kazi mpya, msimbo mpya ukafikishwa kwenye seva saba kati ya nane, na asubuhi ya tarehe 1 Agosti seva ya nane, iliyobaki na msimbo wa zamani, ikaanza kutuma oda mfululizo bila kujua pa kusimama. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilijikuta na hasara ya zaidi ya dola milioni 460. Msimbo ule uliharibika bila mtu kuugusa, kwa sababu vitu vilivyouzunguka viliendelea kubadilishwa huku njia ya kuufikia ikiwa wazi.

Zana za kuanzia zipo katika karibu kila lugha. Wanaoandika JavaScript na TypeScript wana Knip, inayotafuta mafaili, maktaba na vitu vinavyotolewa na moduli bila kutumiwa popote. Python ina Vulture, na jambo zuri katika Vulture ni kwamba kila inachokitaja hukiwekea asilimia ya uhakika: msimbo ulioandikwa baada ya neno la kurudisha jibu, ambao hauwezi kufikiwa kamwe, hupewa 100, lakini funksheni isiyoonekana kuitwa hupewa 60 tu. Kompaila ya Go hukataa kabisa faili lenye maktaba iliyoingizwa bila kutumika, ingawa hainung'uniki juu ya funksheni isiyoitwa. Kwa hiyo wenye lugha hiyo walitengeneza zana nyingine, deadcode, ambayo huanzia kwenye main, funksheni ambako programu huanza, na kufuata kila njia inayoweza kupitiwa.

Ile 60 ya Vulture ndiyo inayostahili kukaa nawe. Zana hizi husoma maandishi ya mradi, nazo haziwezi kuona mwito usioandikwa humo. Katika Django, fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti, kwa mfano, amri unazojitengenezea hutafutwa na fremuweki yenyewe kwa jina la faili, vipokezi vya ishara, yaani funksheni zinazoamshwa na tukio fulani, husajiliwa bila kuitwa moja kwa moja, na kiolezo cha HTML kinaweza kutumia sifa ya modeli ambayo hakuna faili la Python linaloitaja. Mifumo yetu ya Afrika Mashariki ina mfano mwingine ulio wazi zaidi. Mfumo unaopokea malipo ya M-Pesa huwa na anwani ambayo seva za mtoa huduma huiita ili kuleta matokeo ya muamala. Ndani ya mradi wenyewe hakuna anayeiita, na majaribio yake pengine hayakuandikwa. Mtu mpya akiitazama funksheni hiyo kwa macho ya zana ataiona imekufa, ataifuta, na wateja watakatwa fedha bila oda zao kuonekana zimelipwa.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote ambacho kinaweza kuitwa kutoka nje, kiwekee mstari mmoja unaoandika kwenye logi kila kinapoitwa, kisha usubiri. Muda wa kusubiri utokane na kazi ya mfumo wenyewe. Kwa ukurasa wa wavuti mwezi unaweza kutosha, lakini katika mfumo wa hesabu za ofisi ya serikali, ambako mwaka wa fedha nchini Kenya, Tanzania na Uganda huanza tarehe 1 Julai, ipo misimbo inayoamka mara moja tu kwa mwaka. Hapo kumuuliza mhasibu ni haraka kuliko kusubiri logi, na majibu yake huwa bora.

Historia ya Git, zana inayotunza kila badiliko la msimbo, nayo huulizwa. Amri ya git log -S ikifuatwa na jina la funksheni huonyesha mabadiliko yaliyoongeza au kupunguza kutajwa kwa jina hilo, na mara nyingi utaiona siku ambayo aliyekuwa akiiita aliondolewa, pamoja na sababu yake. Ukiipata siku hiyo, una ushahidi mzuri kuliko wa zana yoyote.

Maktaba za nje zina mitego yake. Jina la kusakinishia linaweza kutofautiana na jina la kuingizia: PyYAML huingizwa kama yaml, na Pillow kama PIL, hivyo anayetafuta kwa jina lililo katika orodha ya maktaba anaweza kudhani hazitumiki. Dereva ya hifadhidata kama psycopg2 huweza kutajwa ndani ya anwani ya kuunganishia tu, na kiongezi cha ESLint, zana ya kukagua msimbo wa JavaScript, katika faili la mipangilio tu. Upo pia mtego wa kinyume, ambao huwashangaza wengi: msimbo wako unatumia maktaba ambayo hukuiandika katika orodha yako, kwa kuwa ililetwa na maktaba nyingine, ukiiondoa ile ya pili, ya kwanza hutoweka nayo. Ndiyo maana baada ya kuondoa maktaba ni lazima ufute saraka nzima ya vilivyosakinishwa, usakinishe upya kuanzia sifuri, ndipo uendeshe majaribio. Na kazi hiyo ina faida hata kwa maktaba ndogo. Mwaka 2018 aliyekuwa mwangalizi wa maktaba ya event-stream katika npm, ghala la maktaba za JavaScript, alimkabidhi mtu mwingine usimamizi wake, na huyo akaiongezea tegemezi, yaani maktaba nyingine inayoitegemea, lenye msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Kila maktaba uliyoiacha bila kazi ni ruhusa uliyompa mtu usiyemjua.

Unapofuta, weka ufutaji katika komiti yake pekee (badiliko moja lililohifadhiwa katika Git), usiochanganywa na marekebisho mengine, ili likitokea tatizo saa nne usiku mwenzako aurudishe kwa amri moja bila kupoteza kitu kingine. Usiugeuze msimbo kuwa maoni kwa kuhofia kwamba utahitajika, Git imeshautunza. Futa pamoja na majaribio yake, mipangilio yake na bendera yake, na jina la bendera hiyo lisipewe kazi nyingine.

Safu wima za majedwali ya hifadhidata ziwe za mwisho kufutwa. Toa kwanza toleo ambalo halizisomi wala kuziandikia, hakikisha limefika kwenye seva zote na kwamba hakuna ripoti ya idara nyingine inayozisoma moja kwa moja, na uzifute katika toleo linalofuata, baada ya kuhifadhi nakala ya data, kwa sababu data iliyofutwa hairudishwi na git revert, amri ya kutengua komiti.