Barua kwa mwanangu: rangi ya yule mbwa

Mwanangu asalaam aleykum. Mesej yako nimeipata toka juzi usiku ila mtandao wa hapa Ujiji si unaujua, na miwani nayo imekatika mguu, kwa iyo naandika kidogo kidogo. Umeuliza eti mbona sisi watu wa dini tunapenda uhakika kuliko kustaajabu, mtu akifungua msahafu anatafuta jibu tu afunge. Nimecheka, nimejua unanisema mimi.

Unakumbuka ile ijumaa uko darasa la tatu, nimemaliza kusoma Suratul Kahf kibarazani, ukauliza wale vijana waliolala pangoni walikua wangapi? Nikakujibu saba, fasta. Mbwa wao anaitwaje? Kitmiri. Rangi gani? Hapo nikakufukuza ukamsaidie mama yako kuanua dagaa.

Sasa jana nimeirudia aya ya 22 polepole na ile tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy pembeni. Yaani aya yenyewe inasema watu watasema watatu na wa nne mbwa wao, wengine watasema watano na wa sita mbwa, wengine saba na wa nane mbwa, afu Mtume anaambiwa sema Mola wangu ndo anaejua zaidi idadi yao, na asibishane nao sana. Basi, imeishia hapo. Ilo saba wanazuoni wamelipata kwa kupima maneno, kwamba wale wa kwanza na wa pili wameambiwa wanabahatisha ila wa tatu hawakuambiwa ivo, hoja nzuri tu siikatai. Lakini Kitmiri hayumo kabisa kwenye Kurani mwanangu! Mbwa yumo, kanyoosha miguu ya mbele hapo mlangoni kwa pango, jina hamna, limo kwenye visa vya wafasiri, na mimi nikakupa wewe kama vile nimelisoma humo humo. Kitabu kiliacha nafasi mi nikaiziba, maana niliona mzazi kusema sijui mbele ya mtoto ni kama imani inavuja.

Ila usitutie wote kapu moja. Bibi yako Kiarabu hakukijua hata kidogo, lakini ukianza kusoma Alif Lam Mim alikua anaacha kuchambua mchele anakaa tu kimya. Sura 29 zinaanza na herufi za namna iyo na wanazuoni wengi wakifika hapo wanasema Allahu aalam, yaani Mungu ndo anaejua maana yake, wanaendelea, bibi yeye alikua haendelei.

Na uhakika nao una siku yake, hapo nabishana na wewe. Babu yako alipofariki mi nilitaka thumni ya bibi, yaani moja ya nane ya urithi, ijulikane siku iyo iyo, Suratun Nisaa imelitaja fungu lake wazi, na ndugu walishaanza kutazamana vibaya pale msibani, sasa ningesimama kustaajabu nini? Mbwa wa pangoni ye hana anaemdai urithi.

Kuhusu rangi yake nimetafuta tena jana mpaka macho yakauma. Sijui mwanangu. Mama yako anakusalimu, dagaa wako wameshakauka, anawatuma na basi la alhamisi.