Imani kwenye mandhari ya abstrakti, na kwa nini rangi zako zinageuka tope

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wa tatu nachora mandhari kwa akriliki, milima, maziwa, mawingu. Nimeokoka na nataka nihamie abstrakti, yaani picha zisizoonyesha vitu kama vilivyo, ili picha zangu zibebe kile ninachokisikia nikiwa kwenye maombi, ila nakwama sehemu mbili. Kila nikijaribu naishia kuweka msalaba au njiwa maana naona bila hivyo mtu hataelewa. Halafu rangi nikizirundika zinageuka tope, ule mwanga ninaoutafuta unakufa kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili ila mi nayaona ni moja, na nitaanza na tope maana ndo rahisi kutibu.

Mwanga kwenye picha unatoka chini. Yaani mwanga wa chumbani unapita kwenye tabaka la rangi, unagonga weupe wa kanvasi, halafu unarudi machoni kwako ukiwa umebeba ile rangi. Sasa nahisi wewe anga likianza kufifia unaongeza nyeupe ya titaniamu ili ling'ae, na nyeupe ile ni nzito, inaziba kila kitu kilicho chini yake, kwahiyo mwanga unaishia juu juu na anga linakuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Kingine, unaweka chungwa la machweo juu ya bluu ambayo bado mbichi. Rangi zinazopingana zikikutana mbichi zinauana, hapo utapata kahawia la kijivu hata uwe na mkono mzuri namna gani.

Fanya hivi. Chukua tyubu zako usome nyuma, kuna namba za pigmenti, yaani ule unga unaotoa rangi, mfano PB29 ni ultramarini, bluu iliyokoza. Ukiona namba mbili tatu za hivyo kwenye tyubu moja ujue hiyo tayari ni mchanganyiko, ukiichanganya na nyingine ya aina hiyo unakuwa na pigmenti tano au sita kwenye brashi moja na tope limeshaanza kabla hujagusa kanvasi. Tumia zenye namba moja. Tyubu nyingi pia zina kimraba kidogo: kikiwa kitupu rangi inapitisha mwanga, kikijazwa inaziba. Anga lako lijenge kwa zile za kimraba kitupu, uzipunguze kwa midiamu ya akriliki, ile gundi ya akriliki isiyo na rangi, na sio maji matupu, maana maji yakizidi gundi iliyomo kwenye rangi inakosa nguvu na rangi haishiki vizuri. Tabaka jembamba, acha likauke kabisa, mara nyingi dakika 10 mpaka 20, ndo uweke jingine. Akriliki ikishakauka haiyeyuki tena, kwahiyo chungwa jepesi juu ya bluu kavu litatulia kidogo lakini litakuwa na kina, bado utaona bluu inapumua chini yake. Na usishtuke rangi ikikauka nyeusi kidogo kuliko ulivyoiweka, gundi yake ikiwa mbichi ina weupe kama maziwa, ikikauka inakuwa wazi.

Sasa msalaba na njiwa. Soma Zaburi ya 19 taratibu. Inaanza kwa kusema mbingu zinahubiri utukufu wa Mungu, na mistari miwili mbele inasema hakuna lugha wala maneno. Mi nilipoielewa hiyo nilikaa chini kabisa, maana mahubiri yanatoka na hakuna neno hata moja lililosemwa! Miaka ya nyuma nilichora picha ya alfajiri, nikaogopa watu hawataelewa, nikaweka msalaba kwenye kona ya kulia. Kila aliyekuja aliangalia ile kona, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakuna aliyekaa na ile alfajiri, na kwangu alfajiri ndo ilikuwa sala yenyewe.

Sisemi alama ni dhambi, zina mahali pake. Nasema usiziweke kwa woga.

Mtafute Caspar David Friedrich wa Ujerumani, ile picha yake ya mtawa ufukweni aliyoichora kati ya 1808 na 1810. Zaidi ya robo tatu ya picha ni anga tupu, chini kabisa kuna kimtu kidogo kimesimama mbele ya bahari. Wataalamu walipoipiga picha kwa miali ya infraredi, inayoonyesha michoro iliyofichwa chini ya rangi, waligundua alikuwa ameanza kuchora meli baharini akazifuta. Hebu fikiria, mtu ana meli zake pale halafu anaziondoa ili utupu ubaki. Na Makoto Fujimura, Mmarekani mwenye asili ya Japani, Mkristo, yeye anafanya abstrakti kwa pigmenti za mawe yaliyosagwa zikichanganywa na gundi ya wanyama, tabaka juu ya tabaka, na kazi ya aina hiyo huwezi kuiharakisha. Mi naamini kule kusubiri tabaka likauke ni sehemu ya maombi, ndo maana nilikwambia maswali yako ni moja, tope na msalaba vyote vinatoka kwenye haraka ya kutaka kila kitu kisemwe leo.

Zoezi la wiki hii: chagua mlima mmoja unaoujua vizuri, uchore mara tano kwenye karatasi ndogo. Mondrian, mchoraji wa Uholanzi, alifanya hivyo na miti kuanzia kama 1908 mpaka 1912, ule wa mwanzo unajua kabisa ni mti, wa mwisho umebaki mistari tu inayopishana, ila uhai wa mti bado umo. Kila mchoro ondoa kitu kimoja, kwanza majani, halafu miamba, halafu vivuli. Mstari wa upeo, pale anga linapokutana na ardhi, uache mwisho, na uamue mahali pake kwa makusudi: ukiushusha anga linakulemea kama mtu aliyepiga magoti, ukiupandisha unabaki na ardhi na uzito wake. Mchoro wa tano ndo upeleke kwenye kanvasi, na kabla hujaanza chagua sehemu moja ambayo hutaigusa kabisa, weupe wa kanvasi ubaki hapo mpaka mwisho. Mkono utawasha kuujaza. Usiujaze, igeuze kanvasi iangalie ukuta ukalale, asubuhi uiangalie kabla hujawasha taa.