Barua kwa mwanangu: vitu vinavyosema katika picha za Hogarth

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama William Hogarth, yule mchoraji wa London aliyechonga picha zake kwenye mabamba ya shaba, alilichukia kanisa, maana zile mbili ulizoziona zinaonyesha ibada isiyo na ibada ndani yake. Mimi nasema hakulichukia, na ushahidi wangu ni vyombo vya mle kanisani.

Anza na ile ya mwaka 1736, ya waumini waliosinzia. Mhubiri ameinamia karatasi zake, kioo cha kukuzia maandishi mkononi. Andiko ni Mathayo 11:28, "nami nitawapumzisha", na watu wamepumzika kwelikweli, wamelala fofofo. Karibu naye ipo saa ya mchanga. Makanisa ya Uingereza enzi hizo yaliitumia kupimia urefu wa mahubiri, na wachoraji waliiweka pia kumkumbusha mtu kwamba siku zake zinakwisha. Hapa mchanga unashuka na hakuna anayeujali. Karani wa kanisa yeye macho yako kifuani kwa msichana aliyelala. Sasa soma ubavuni mwa mimbari, pana maneno ya Paulo kwa Wagalatia: anawachelea, isije ikawa amejitaabisha bure kwa ajili yao. Mtu anayelidharau Neno hawezi kuliachia Neno lenyewe litoe hukumu.

Ile nyingine ni ya tano kati ya picha 8 za mwaka 1735, za kijana aliyefuja urithi wake. Anafunga ndoa na bibi kizee tajiri mwenye chongo, katika kanisa la zamani la Marylebone, huko London, huku anamtupia jicho mtumishi wa bibi arusi. Ukutani Amri Kumi zimepasuka ufa, ishara iliyo wazi.

Lakini mimi, mwanangu, huganda kwenye sanduku la sadaka ya maskini. Mdomo wake umezibwa na utando wa buibui! Buibui hatandi mahali panapopita mkono wa mtu. Kwa hiyo kabla bwana arusi huyu hajaingia, watu wengi walishapita hapo, jumapili baada ya jumapili, bila kutoa hata senti. Lawama inawaangukia waumini wote, na sanduku bado lipo pale pale, limefungwa vizuri, likingoja kufanya kazi yake.

Ukipata picha nyingine ya namna hii nitumie, na uanze kuitazama kutoka ukutani, watu baadaye.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako