Jibu: Ishara namba 2 Tacloban, nibaki au niondoke?

Habari mkuu. Umeuliza kama ubaki kwenye nyumba isiyo na ghorofa karibu na bahari huko Tacloban, Ufilipino, kimbunga kikija, kwa kuwa PAGASA (idara ya hali ya hewa ya huko) wametoa ishara ya kimbunga namba 2 tu. Namba hiyo inapima upepo, na inaweza kupanda ndani ya saa chache. Angalia kwanza onyo la bahari kufurika. Kimbunga Yolanda, Novemba 2013, iliua wengi Tacloban kwa maji, wakiwemo waliokimbilia vituo vya kujihifadhi vilivyo mabondeni. Ondoka mchana, nenda penye mwinuko. Zima meinswichi, funga mtungi wa gesi, beba maji lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku 3, na vyeti ndani ya nailoni. Upepo ukikatika ghafla usitoke: huenda ni jicho la kimbunga, na utarudi ukivuma kutoka upande wa pili.