Jibu: Arizona Hot Springs, kwenda na kurudi siku moja

Ndugu, umeuliza kama mtu anaweza kwenda Arizona Hot Springs, chemchemi za maji moto jimboni Arizona, Marekani, kupitia korongo la White Rock na kurudi siku hiyohiyo, na kama mwezi wa sita unafaa. Siku moja inatosha, jumla ni kama kilomita 10. Mwezi wa sita ufute kabisa. Njia hufungwa kila mwaka kuanzia Mei 15 hadi Septemba 30 kwa sababu ya joto, na joto lile linaua.

Kinachowaponza wengi ni mteremko. Asubuhi unashuka kuelekea Mto Colorado, chini ya bwawa la Hoover, mwili bado mwepesi. Kurudi ni kupanda kwenye changarawe, jua la utosini, na maji moto yameshakulegeza. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya maji ya kunywa yabaki kwa safari ya kurudi. Beba na kitu chenye chumvi.

Ukitokea upande wa mtoni, utapanda ngazi kando ya maporomoko madogo ndipo ufikie madimbwi. Jiloweke, ila usizamishe kichwa, wala maji yasikuingie puani! Chemchemi hizo zinaweza kuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye hupitia puani hadi kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ukienda na watoto, usiwaondolee macho.

Ukiona mawingu mazito, hata yawe mbali, ahirisha. Mvua ikinyesha huko juu, mafuriko hushuka korongoni ghafla, na kuta zile hazikuachii pa kukimbilia.