Allion ya 1ZZ inayokula oili na petroli: pima kwanza, injini isishushwe kwa maneno

Mkuu, umesema Allion yako ya 1.8 inapunguza karibu lita moja ya oili kila kilomita elfu, petroli imetoka kilomita 11 kwa lita hadi 7, fundi wa kwanza anataka kushusha injini na wa pili anasema tia oili nzito ya 20W-50 uendelee na maisha. Nimekaa na Spacio yenye injini hiyo hiyo ya 1ZZ-FE kwa miaka, nikapita njia hiyo yote, kwa hiyo vumilia maelezo marefu.

Tenganisha hayo magonjwa mawili. Gari likila oili na petroli kwa wakati mmoja, mafundi wetu hulimalizia kwa neno moja: injini imechoka. Kwangu ilikuwa ni sababu mbili mbalimbali. Ya petroli iliisha kwa spea ndogo tu, na oili ikaendelea kuliwa kama kawaida.

Tuanze na petroli. Ukisema "elfu thelathini ilikuwa inanifikisha Ijumaa" bado hujapima kitu, maana EWURA wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na foleni ya wiki hii si ya wiki iliyopita. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha trip kwenye sifuri, tembea hadi chini ya nusu tangi, kisha rudi kituo kile kile ujaze mpaka lijikate tena. Umeenda kilomita 285, zimeingia lita 38? Hiyo ni 7.5 kwa lita. Fanya hivyo zaidi ya mara moja ndipo uanze kulaumu injini.

Halafu omba fundi akuunganishie mashine, na usiridhike na jibu la "hakuna kodi", yaani kompyuta ya gari haijarekodi hitilafu. Muombe akuonyeshe joto la maji gari likiwa linatembea barabara iliyo wazi. Themostati, yaani vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, kwenye injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiona unakimbia na joto linacheza kwenye sitini na kitu, basi themostati imeganda ikiwa wazi, au haipo kabisa. Hapa kwetu kutokuwepo ndiyo kawaida: gari lilichemsha siku moja, fundi akaitoa na kuitupa, akasema nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Mwenye gari wa kabla yangu alifanyiwa hivyo. Kompyuta ikiona maji hayapandi joto inaamini injini bado iko kwenye baridi ya asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na hata gia ya mwisho inachelewa kuingia. Petroli hiyo ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikawa nyepesi. Kwa hiyo hata ringi za pistoni zinaumia. Ukivuta kijiti cha oili, kinuse. Kikinukia petroli, umepata jibu la nusu ya swali lako.

Joto likiwa sawa, angalia sensa ya oksijeni. Gari linalochoma oili huipaka masizi, inakuwa mvivu kusoma. Usisahau mambo ya kijinga: ea klina, upepo wa matairi, na breki inayokamata. Ukisimama baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, hapo kuna petroli inapotelea.

Sasa oili, ambako ndiko kuna fedha. Kabla ya kusema inaliwa, hakikisha haivuji. Injini hii ina oringi ya tensheni ya cheni ubavuni ambayo hukauka na kulowesha chini taratibu, na gasketi ya tapeti kava nayo huchoka. Osha injini, tembea, kisha mulika kwa tochi.

Halafu fungua plagi zote nne, uzipange kwa namba za silinda. Usichanganye oili ya juu na ya chini. Ukikuta oili kwenye shimo, imelowesha koili na ule upande mweupe wa plagi, hizo ni sili za tapeti kava, kazi ya saa moja. Ukikuta ncha inayotoa cheche ina ganda jeusi linalong'aa au ukoko wa majivu, hiyo oili imeungulia ndani. Zangu, tatu zilikuwa za kahawia safi, ya silinda ya tatu ilikuwa imelowa hadi kwenye nyuzi.

Moshi nao unasema. Wa bluu unaotoka puu! asubuhi unapowasha kisha ukakata, shuku sili za vovo. Ukitokea unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu mguu ukiwa juu, shuku ringi au gaidi za vovo (vile vibomba ambamo vovo hupanda na kushuka). Mweusi ni petroli nyingi, si oili. Ila kama masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi) bado yapo, moshi kidogo unaweza usiuone kabisa. Vali ya PCV, inayorudisha mvuke wa injini uchomwe tena, usiiruke: itoe, itikise, isipolia badilisha. Ni bei ya chakula cha mchana.

Kwenye kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ndiko watu wanakodanganyika. Namba ya kiwandani ya 1ZZ ni psi 218, kikomo cha chini ni 145, na silinda zisipishane zaidi ya 14 au 15. Pima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mguu umekanyaga hadi mwisho. Namba zikiwa nzuri, fundi atakwambia ringi ni nzima. Si lazima! Kompresheni inashikiliwa na ringi mbili za juu. Oili inakwanguliwa na ringi ya tatu, na ugonjwa wa 1ZZ za mwanzo uko hapo hapo: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni machache na madogo, yanaziba kwa masizi, ringi inaganda kwenye mfereji wake. Pistoni zangu zilipotolewa, ringi za oili zilikuwa zimezama mferejini kama zimegundishwa, ukizibonyeza kwa kidole hazirudi. Silinda ilikuwa safi, haina mikwaruzo. Kompresheni nayo ilikuwa imepita vizuri.

Hii ndiyo sababu sikuungi mkono kwenye 20W-50. Oili nzito inapunguza kidogo kinachopita, lakini haigandui ringi, na VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vovo kufunguka, unategemea oili ifike haraka. Baki na 5W-30, au 10W-30 ukitaka uzito kidogo, na badilisha mapema.

Kabla ya kushusha, jaribu kuloweka. Mimina dawa ya kuyeyusha masizi kwenye matundu ya plagi, iache ilale. Asubuhi toa fyuzi ya EFI, funika matundu kwa kitambaa na piga stata plagi zikiwa nje. Ukifunga plagi silinda ikiwa na maji maji, unaweza kupinda koneki (mkono wa pistoni). Kisha mwaga oili yote, weka mpya na filta. Kwangu ilipunguza ulaji, haikuumaliza. Kwa gari lisilochelewa sana inaweza kutosha.

Je, lita moja kwa kilomita elfu ni nyingi? Kwa 2AZ-FE, injini nyingine ya Toyota yenye ugonjwa wa aina hii, waraka wa Toyota Marekani wa 2011 uliweka mpaka kwota moja kwa maili 1,200, yaani chini kidogo ya lita kwa karibu kilomita 1,930. Ukizidi hapo, dawa ilikuwa pistoni na ringi. Wewe umepita mara mbili.

Ukifika kushusha, usikubali ringi mpya juu ya pistoni za zamani zenye matundu yale yale. Tafuta pistoni zilizoboreshwa, zenye matundu mengi zaidi, uzilinganishe kwa macho dukani kabla ya kulipa. Injini ya mtumba ni kamari: inaweza kuwa 1ZZ ya miaka ile ile yenye ugonjwa ule ule. Na muda wote huu pima oili kila Jumamosi, gari likiwa tambarare na halijawashwa. Ikishuka chini ya alama ya chini, bearing za injini hazitakusubiri umalize kuchanga.

Weka hapa namba nne za kompresheni kwa mpangilio wa silinda, picha ya plagi, na joto la maji ukiwa barabarani. Nitakwambia kama ningekuwa mimi ningeshusha au la.