Maswali Yenu: Kasoro Gani Huipandisha Bei Stempu?

SWALI: Mhariri, nasikia stempu ya Marekani yenye picha ya eropleni iliyopinduka iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni mbili. Inakuwaje kilichochapwa vibaya kishinde kizima kwa bei? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kasoro peke yake hailipiwi. Kinacholipiwa ni uchache wa nakala zilizowaponyoka wakaguzi, na imani kwamba hazitaongezeka.

Stempu hiyo ya senti 24 ilitolewa mwaka 1918. Ina rangi mbili, kwa hiyo kila karatasi ilipita mashinani mara mbili, kwa fremu nyekundu na kwa ndege ya buluu. Karatasi ikigeuzwa kati ya hatua hizo, ndege zote hutoka juu chini. Wakaguzi huziteketeza karatasi za namna hiyo. Moja iliwapita, na Mei 14, 1918 William Robey akainunua posta mjini Washington: stempu 100 kwa dola 24. Siku chache baadaye aliiuza kwa dola 15,000. Hakuna karatasi nyingine iliyojitokeza hadi leo, na miongoni mwa zile 100 zipo zilizoharibika. Iliyovuka milioni mbili mnamo 2023 ilikuwa imefichwa mbali na mwanga miaka mingi, rangi bado mbichi.

Uchache ukiondoka, bei nayo huondoka. Mwaka 1962 Marekani ilitoa stempu ya senti 4 kumkumbuka Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Baadhi zilitoka na rangi ya njano ya usuli imechapwa juu chini. Mkuu wa posta, J. Edward Day, akaamuru mamilioni yachapwe makusudi na kasoro ileile. Leonard Sherman, aliyekuwa na karatasi ya stempu 50, aliona utajiri wake ukiyeyuka. Leo moja ya zile zilizorudiwa haifiki dola moja. Kwa maoni yetu, huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote.

SWALI: Ninayo stempu isiyo na meno upande mmoja, na nyingine imekosa njano. Je, nimepata mali? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usifurahi mapema. Meno hukatwa kwa mkasi kirahisi, ndiyo maana wakusanyaji huamini zaidi jozi ambazo bado zimeshikana bila matundu katikati. Ilinganishe yako na ya kawaida ya toleo lilelile; ikiwa nyembamba zaidi, huenda imepunguzwa.

Njano nayo hufifishwa na jua au dawa. Ichunguze kwa lenzi inayokuza mara 10: ukiona hata nukta chache za njano, rangi ilikuwepo. Rangi iliyosogea kidogo au wino uliochafuka ni jambo la kawaida na huongeza bei kidogo tu.

Ishike kwa kibano, si kwa vidole. Usiibandue kwenye bahasha, maana muhuri wenye tarehe ni ushahidi, wala usioshe gundi ya nyuma. Kabla ya mnada, tafuta cheti chenye picha yake kutoka kwa jopo la wataalamu wa stempu, na uulize ada kwanza, kwani baadhi hutoza kulingana na thamani.